Skripti moja kwa kigeu kimoja au kumi na vinne: jibu kwa mwanafunzi wa afya ya jamii

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa uzamili wa afya ya jamii. Nina data ya utafiti wa kaya kuhusu lishe ya watoto walio chini ya miaka mitano, na nina vigeu tegemezi 14, yaani matokeo ninayotaka kuyaeleza: urefu kwa umri, uzito kwa umri, uzito kwa urefu, mzingo wa mkono, hemoglobini na vinginevyo. Niliandika skripti ya R (lugha ya programu ya uchambuzi wa takwimu) yenye mistari kama 60 kwa kigeu cha kwanza, kisha nikainakili kwa kila kigeu kilichofuata. Sasa msimamizi ameniomba nibadilishe umri wa mtoto kutoka miezi kuwa makundi. Nimehangaika siku mbili, na bado majedwali mawili hayalingani. Je, skripti ya uchambuzi ipangwe vipi ili iweze kuendeshwa kwa kigeu kimoja ninapotaka, na kwa vyote ninapotaka?

Jibu:

Ndugu msomaji, nakushukuru kwa kueleza tatizo lako kwa ukamilifu, kwa sababu maelezo yako yanaonyesha mahali hasa kidonda kilipo. Mistari 60 ikinakiliwa mara 14 inakuwa 840, na katika kila nakala jina la kigeu limeandikwa mara kadhaa: katika kusafisha, katika fomula, katika kichwa cha grafu na katika jina la faili la matokeo. Ukisahau kubadilisha hata sehemu moja, R haitalalamika, maana kila mstari peke yake ni halali. Mimi mwenyewe niliwahi kukabidhi jedwali la vigeu tisa ambamo ukondefu na uzito pungufu vilikuwa na namba zilezile hadi desimali ya tatu. Nilikuwa nimebadilisha kichwa na jina la faili, lakini fomula ilibaki ya kigeu cha awali. Aliyeligundua kosa hilo ni karani wa takwimu aliyekuwa akichapa ripoti, na tangu siku hiyo sijawahi tena kunakili skripti ili kuipa kigeu kipya.

Kanuni ninayoifuata ni hii: andika kazi yote ya kigeu kimoja ndani ya funksheni moja (kipande cha msimbo chenye jina, unachoweza kukiita tena na tena), kisha uhesabu kigeu kimoja kuwa ni orodha yenye kitu kimoja. Pasiwe na njia ya "kimoja" na njia nyingine ya "vingi". Watu wengi huanza na skripti ya kigeu kimoja, halafu huandika ya pili ya vingi, na baada ya miezi mitatu skripti hizo mbili huwa hazitoi tena jibu moja, kwa sababu marekebisho yalifanywa katika moja tu.

Kwa data yako, umbo la msingi linaweza kuwa hivi, ambapo `huru` ni orodha ya majina ya vigeu huru, yaani vile vinavyotumika kukieleza kigeu tegemezi:

```
chambua_kimoja <- function(data, kigeu, huru) {
  fomula <- reformulate(huru, response = kigeu)
  modeli <- lm(fomula, data = data)
  jibu   <- as.data.frame(coef(summary(modeli)))
  names(jibu) <- c("kadirio", "kosa_sanifu", "t", "p")
  data.frame(kigeu = kigeu, kipengele = rownames(jibu),
             n = nobs(modeli), jibu, row.names = NULL)
}

chambua <- function(data, vigeu, huru) {
  haipo <- setdiff(c(vigeu, huru), names(data))
  if (length(haipo) > 0)
    stop("Safu hizi hazimo: ", paste(haipo, collapse = ", "))
  do.call(rbind, lapply(vigeu, function(k)
    chambua_kimoja(data, k, huru)))
}
```

Ukiandika `chambua(watoto, "hb", huru)` utapata jedwali la hemoglobini peke yake, na ukiweka majina 14 mahali pa `"hb"` utapata jedwali lenye safu zilezile, ila refu zaidi. Zingatia kwamba funksheni ya kwanza hairudishi modeli wala haichapishi chochote kwenye skrini, bali inarudisha jedwali dogo ambalo ndani yake jina la kigeu limeandikwa na msimbo wenyewe. Jina hilo haliwezi kutengana na namba zake, na kosa lile nililolifanya mimi halina tena mahali pa kuingilia. Ombi la msimamizi wako nalo linakuwa kazi ya mistari miwili: unatengeneza safu ya makundi ya umri mara moja, kisha unabadilisha jina moja katika orodha ya vigeu huru.

Hatua ambayo huwakwamisha wengi mwanzoni ni namna ya kuifikia safu ambayo jina lake limo ndani ya kigeu kingine. Ndani ya funksheni, `data$kigeu` haimaanishi "safu ambayo jina lake nimekupa". Maana yake ni safu inayoitwa, herufi kwa herufi, "kigeu". Safu hiyo haipo, kwa hiyo R inakurudishia utupu bila hata onyo, na utupu huo unasafiri hadi mwisho wa skripti. Andika `data[[kigeu]]`, yenye mabano mawili ya mraba. Kwa upande wa fomula, `reformulate` inajenga fomula halisi kutokana na majina yaliyo katika maandishi, nayo ni salama zaidi kuliko kuunganisha vipande kwa `paste`.

Majina yenyewe yanahitaji uangalifu wa aina yake kwetu sisi tunaotumia Kiswahili. Safu inayoitwa `idadi_ya_ng'ombe` ikisomwa na `read.csv` hubadilishwa kimyakimya kuwa `idadi_ya_ng.ombe`, kwa hiyo jina lililo katika orodha yako na lile lililo katika data hayatalingana tena. Ndiyo maana ukaguzi wa `setdiff` uko mwanzo kabisa wa `chambua`: ni afadhali skripti isimame katika sekunde ya kwanza na kukutajia jina lililokosekana kuliko ikwame kwenye kigeu cha kumi na moja.

Sasa nije kwenye mitego inayojitokeza hasa pale skripti ya kigeu kimoja inapopewa vingi, au ya vingi inapopewa kimoja, kwa kuwa hapo ndipo nimeona kazi nzuri nyingi zikiharibika. Mtego wa kwanza ni wa mabano. Ukiandika `watoto[, c("hb", "urefu_z")]` unapata jedwali la data, lakini ukiandika `watoto[, "hb"]` unapata vekta, yaani mfululizo wa thamani usio na jina la safu, na kila mstari unaofuata ambao ulitarajia jedwali utavunjika. Dawa yake ni kuongeza `drop = FALSE`, ili jedwali la safu moja libaki jedwali. Mtego wa pili ni `sapply`, ambayo hubadilisha umbo la matokeo kulingana na ilichopata: mara vekta, mara matriki, mara orodha. Ndani ya skripti natumia `lapply`, ambayo daima hurudisha orodha, hata kama ina kitu kimoja tu. Mtego wa tatu ni `1:length(vigeu)`. Orodha ikiwa tupu, usemi huo hauleti sifuri, bali unaleta 1 kisha 0, na kitanzi kinazunguka mara mbili juu ya vitu visivyokuwepo, tumia `seq_along(vigeu)`.

Mtego wa nne unafaa kusimuliwa pamoja na historia yake. Watu huandika `if (vigeu == "hb")` ili kukipa kigeu kimoja utaratibu wa pekee. Kigeu kikiwa kimoja, sentensi hiyo inafanya kazi. Vikiwa 14, ulinganisho unaleta majibu 14 ya ndiyo au hapana, ilhali `if` inataka jibu moja. Kabla ya toleo la R 4.2.0 la mwaka 2022, R ilitoa onyo tu na kutumia jibu la kwanza, kwa hiyo skripti nyingi za zamani ziliendelea kukimbia huku zikitoa matokeo ya uongo. Kuanzia toleo hilo ni hitilafu kamili. Ikiwa umerithi skripti kutoka kwa mtangulizi wako, na kwenye kompyuta yako mpya inasimama mahali kama hapo, usitafute namna ya kuinyamazisha. Rudi ukaangalie matokeo yaliyotolewa na kompyuta ya zamani.

Hata hivyo, haja ya kuvipa baadhi ya vigeu utaratibu wa pekee ni ya kweli, na katika lishe ni kubwa. Alama z (umbali wa kipimo cha mtoto kutoka katikati ya viwango, kwa mikengeuko sanifu) za urefu kwa umri huhesabiwa kuwa haziaminiki zikiwa chini ya −6 au juu ya 6 kwa mujibu wa viwango vya Shirika la Afya Duniani, uzito kwa umri una mipaka ya −6 na 5, na uzito kwa urefu una −5 na 5. Hemoglobini haina uhusiano wowote na mipaka hiyo. Aidha, upungufu wa damu kama jibu la ndiyo au hapana unahitaji modeli ya logiti, siyo ya mstari mnyoofu. Ukiyaweka yote hayo ndani ya msimbo kwa mlolongo wa `if`, utarudi palepale ulipotoka. Yaweke nje, katika faili dogo la CSV ambalo mimi huliita kamusi ya vigeu (hapa ni baadhi tu ya mistari yake):

```
kigeu,jina,aina,chini,juu
urefu_z,Urefu kwa umri,namba,-6,6
uzito_z,Uzito kwa umri,namba,-6,5
uzito_urefu_z,Uzito kwa urefu,namba,-5,5
upungufu_damu,Upungufu wa damu,ndiyo_hapana,0,1
```

Funksheni inasoma mstari wa kigeu chake katika kamusi hiyo, inafuta thamani zilizo nje ya mipaka, inachagua `lm` (ya mstari mnyoofu) au `glm` (ya logiti) kulingana na safu ya `aina`, na inachukua jina la kuandika kwenye grafu. Kuongeza kigeu cha kumi na tano ni kuongeza mstari mmoja katika kamusi, na hata msimamizi asiyejua R anaweza kuufungua na kuusahihisha. Mipaka hiyo pia hukamata zile alama za 9998 ambazo baadhi ya tafiti za kaya hutumia kuashiria kipimo kisichoaminika, ambazo zikiachwa huipandisha wastani ya kijiji kizima. Faida yake nyingine huonekana viwango vinapobadilika. Kwa miaka mingi mtoto wa miezi 6 hadi 59 alihesabiwa kuwa na upungufu wa damu akiwa chini ya gramu 11.0 kwa desilita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 umeshusha kikomo hicho hadi 10.5 kwa walio na miezi 6 hadi 23, na kukiacha 11.0 kwa wale wa miezi 24 hadi 59. Mchambuzi ambaye kikomo chake kiliandikwa sehemu moja alibadilisha sehemu moja, na yule aliyekitawanya katika nakala 14 sijui kama amezimaliza zote hadi leo.

Angalizo dogo hapa: makadirio ya modeli ya logiti yako katika kipimo cha logi ya uwiano wa uwezekano, kwa hiyo usiyachanganye katika jedwali moja na ya `lm` bila safu inayotaja kipimo. Msomaji atalinganisha 0.4 ya hapa na 0.4 ya pale, na ulinganisho huo hauna maana.

Thamani zinazokosekana ndizo ninazoshuku kuwa chanzo cha majedwali yako mawili kutolingana. Wengi huanza skripti ya vigeu vingi kwa `na.omit(watoto)`, jambo linalomwondoa kila mtoto aliyekosa kipimo chochote kati ya vyote. Mtoto aliyepimwa damu lakini hakupimwa mkono anatoweka hata katika uchambuzi wa hemoglobini. Matokeo yake ni kwamba jibu la hemoglobini linategemea ni vigeu gani vingine vimo katika orodha siku hiyo, na hilo halikubaliki. Acha kila modeli iondoe wanaokosekana kwa kigeu chake, na uandike idadi ya waliobaki. Ndiyo sababu nimeweka safu ya `n` katika jedwali. Ikiwa msimamizi anataka watoto walewale katika modeli zote, ombi lake lina mantiki, lakini liwe uamuzi ulioandikwa, unaofanywa mara moja kabla ya `chambua`, wala lisitokee kwa bahati ya mstari mmoja wa kusafisha.

Kipimo cha kujua kama skripti imepangwa vizuri ni kwamba kigeu kikiendeshwa peke yake na kikiendeshwa pamoja na wenzake kitoe namba zilezile. Liandike jaribio hilo katika faili lake na uliendeshe kila unapogusa msimbo:

```
peke   <- chambua(watoto, "hb", huru)
pamoja <- chambua(watoto, kamusi$kigeu, huru)
all.equal(peke, pamoja[pamoja$kigeu == "hb", ],
          check.attributes = FALSE)
```

Likijibu kitu chochote isipokuwa `TRUE`, kuna uvujaji kati ya vigeu. Kama unatumia njia zenye bahati nasibu, mathalani kujaza thamani zinazokosekana kwa kukisia, weka `set.seed`, amri inayopanga mahali namba nasibu zinapoanzia, ndani ya `chambua_kimoja`. Ikikaa juu ya skripti tu, kigeu cha tano kitapata namba nasibu tofauti kulingana na vigeu vingapi vimekitangulia, na jaribio hili litashindwa.

Liko jambo moja ambalo kwa makusudi halipaswi kuingia ndani ya funksheni ya kigeu kimoja, nalo ni marekebisho ya thamani za p (uwezekano wa kupata matokeo kama hayo kwa bahati tu ikiwa hakuna uhusiano). Ukifanya majaribio 14 yaliyo huru kwa kiwango cha 0.05, ilhali kwa kweli hakuna uhusiano wowote, uwezekano wa kupata angalau jibu moja la "muhimu" kwa bahati tu ni asilimia 51. Marekebisho yanahitaji kuziona thamani zote kwa pamoja, kwa hiyo mahali pake ni baada ya `rbind`, amri inayoyaunganisha majedwali yote kuwa moja. Chukua mistari ya kipengele unachokitafiti peke yake, kwa mfano elimu ya mama, uache ile ya kizio (mstari ambao R huuita `(Intercept)`) na ya vigeu vya kudhibiti, kisha uipitishe katika `p.adjust`. Bila kuambiwa chochote, hiyo hutumia njia ya Holm ya mwaka 1979; ukiipa `"BH"` inatumia ile ya Benjamini na Hochberg ya mwaka 1995, ambayo hudhibiti sehemu ya matokeo ya uongo miongoni mwa yale unayoyatangaza. Ukiendesha kigeu kimoja, `p.adjust` itakurudishia thamani ileile, na hapo uaminifu wako ndio unaohitajika: kama utafiti wako ulipanga majaribio 14, kuyaendesha moja moja hakuyafanyi kuwa majaribio 14 ya pekee.

Ili uweze kuchagua vigeu bila kufungua skripti, mistari miwili inatosha mwanzoni mwa faili la kuendeshea, mara tu baada ya kuisoma kamusi:

```
vigeu <- commandArgs(trailingOnly = TRUE)
if (length(vigeu) == 0) vigeu <- kamusi$kigeu
```

Katika dirisha la amri, `Rscript endesha.R hb` itachambua hemoglobini, `Rscript endesha.R hb urefu_z` itachambua viwili, na `Rscript endesha.R` pekee itachambua vyote. Faili la matokeo la kila kigeu lipewe jina kutoka kwa kigeu chenyewe. Kuhusu hitilafu, unaweza kuizungushia `chambua_kimoja` kinga ya `tryCatch` ili kigeu kimoja kibovu kisivunje usiku mzima wa kazi, lakini hakikisha ujumbe wa hitilafu unahifadhiwa na kuchapishwa mwishoni, kwa sababu jedwali lenye vigeu 13 linafanana mno na lenye 14.

Jambo la mwisho linahusu data yako yenyewe. Tafiti nyingi za kaya huchagua kwanza maeneo ya kuhesabia, kisha kaya ndani yake, na huambatanisha uzani kwa kila kaya. Ikiwa yako ni ya namna hiyo, `lm` ya kawaida itakupa makosa sanifu madogo kuliko ukweli. Kifurushi cha `survey` cha Thomas Lumley kina `svydesign` ya kueleza muundo wa sampuli na `svyglm` ya kujenga modeli. Safisha data kwanza, jenga muundo, kisha uipe `chambua_kimoja` muundo huo mahali pa jedwali. Ukaguzi wa majina nao uangalie jedwali lililosafishwa, kwa kuwa muundo wenyewe si jedwali la data. Mistari inayoguswa ni michache, na vigeu vyote 14 vinarekebishwa kwa pamoja.

Usiifute skripti yako ya mistari 840 kwa sasa. Anza na kigeu kimoja, endesha njia ya zamani na mpya juu ya data ileile, tena umri ukiwa bado katika miezi, na ulinganishe `n` kabla ya kulinganisha makadirio. Vikilingana, nenda kwenye kinachofuata. Visipolingana, fungua nakala ya zamani ya kigeu hicho na usome kila mahali ambapo jina lake lingepaswa kuwepo. Natarajia kwamba katika mojawapo ya majedwali yako mawili utakuta jina la kigeu kilichotangulia. Vikishalingana vyote 14, ndipo ubadilishe umri kuwa makundi.